Gorogoro Nalo Lina Dini

Mwandishi aliyedai kwamba Mkristo hana la kutafuta kwenye soko na maonyesho ya kijiji ila kelele na anasa ananishangaza. Anataka imani ifungiwe kanisani mpaka Jumapili. Mbona wamisionari wenyewe hawakuishi hivyo? Wamethodisti walijenga Golbanti, Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakafika Ngao mwaka 1887, wote kandokando ya Mto Tana, katikati ya watu na mashamba yao.

Aje Chewele, kaunti ya Tana River, siku ya soko. Amtazame mama wa Kipokomo akipima mchele kwa gorogoro, lile kopo la kupimia. Yapo magorogoro yaliyobonyezwa kitako ili yabebe kidogo, na mteja akigeuka tu, kiganja kinapangusa juu. Ushirika mtakatifu wa juzi unaulizwa maswali hapo. Mteja huenda ni Muorma, Mwislamu, aliyeleta maziwa yake. Baada ya machafuko ya 2012 na 2013 kati ya Wapokomo na Waorma, yaliyoua zaidi ya watu 100 katika delta ya Tana, jamii hizi mbili kuuziana bila kuogopana ni jambo zito kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia (na nimeyasikia marefu).

Kama ni ngoma ya maonyesho inayomkera, aseme ngoma. Asilitukane soko zima.