Mtandao Unasumbua, au Uongozi?

NENO LA ZIWANI
Na Kulwa Masalu

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Sengerema. Mbele yangu alisimama mama aliyetoka Nyehunge alfajiri kuja kulipia jambo lake. Alipofika dirishani, kijana wa ndani alimwambia bila kuinua uso: "Mtandao unasumbua, mama. Rudi kesho." Mama akaikunja karatasi yake mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga, kisha akauliza kwa upole: "Kesho saa ngapi, mwanangu?" Kijana hakuwa na jibu.

Nami nilikuwa na simu mkononi, intaneti inapita vizuri. Nilipodadisi nikaambiwa ukweli. Mfumo ulikuwa umegoma tangu jana yake, na mtu pekee anayejua namna ya kuuwasha yuko safarini Dodoma. Mtandao ulisingiziwa tu.

Nimesimamia mafundi wa TEHAMA kwa miaka zaidi ya ishirini kabla ya kustaafu. Kama kuna jambo moja ningependa kuwaachia wanaoshika nafasi hizo leo, ni hili: sehemu kubwa ya tunachokiita tatizo la mtandao ni tatizo la uongozi. Maarifa ya ofisi yamefungiwa kwenye kichwa cha mtu mmoja, na mkubwa wake ameridhika. Nasema hivi kwa sababu na mimi niliridhika, na waliolipia kuridhika kwangu ni watu wengine.

Mwaka 2011 nilikuwa mkuu wa kitengo katika taasisi moja jijini Mwanza. Nilikuwa na fundi hodari sana. Kila kilichoharibika aliitwa yeye, na kila alichogusa kilipona. Nilimsifu kwenye vikao na nikamwona kama nguzo ya nyumba. Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, mchana, seva ya mishahara ikagoma. Fundi wangu alikuwa ameomba ruhusa siku mbili kabla, amekwenda kumzika bibi yake kijijini, ng'ambo huku Sengerema. Simu haikupatikana. Nikachukua gari hadi kwenye kivuko cha Kamanga, nikakuta cha mwisho kimeshaondoka. Nikageuza kwenda Kigongo, nako malori yamepanga mstari. Nilifika kijijini kunakucha.

Nilimkuta amekaa mkekani na wafiwa wenzake, amenyoa kichwa. Alinyanyuka, akanifuata hadi chini ya mwembe, akachana kipande cha mfuko wa saruji uliokuwa umebaki kaburini, akaandika neno la siri kwa kalamu yangu. Lilikuwa na herufi nane. Nilipomuuliza kwa nini hakumwachia mtu yeyote, alinitazama akasema: "Bosi, hamkuwahi kuniuliza."

Nilikuwa nimesafiri usiku kucha kufuata herufi nane. Tena niliomba neno la siri kwanza, pole ya msiba ikafuata baadaye. Aibu ile sijaisahau, wala sitaki kuisahau. Kijana hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kwangu niliyemfanya mtu kuwa mtambo, nikamnyima hata haki ya kulia na ndugu zake kwa utulivu.

Jumatatu iliyofuata nilinunua kauntabuku, lile daftari gumu la dukani. Nikawaambia mafundi wote: kila mnachokifanya kwa mkono, kiandikwe humu kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, kiasi kwamba mgeni akilisoma ataweza. Maneno ya siri yenyewe tukayatia kwenye bahasha, tukazifunga kwa lakiri na kuziweka kwenye kasiki ya mhasibu mkuu. Wiki ya kwanza walinuna. Mmoja alihisi nataka kuchukua ujuzi wake ili nimfukuze. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga, maana wako wakubwa wanaofanya hivyo. Nilimwahidi mbele ya wenzake kwamba atakayeandika vizuri ndiye nitakayempeleka mafunzo ya kwanza, na ahadi ile niliitimiza. Kiongozi asiyetimiza ahadi ya namna hiyo asitegemee kuandikiwa hata ukurasa mmoja.

Baada ya mwezi, tulimpa daftari binti aliyekuwa mafunzoni kwa vitendo, tukamwomba azime na kuwasha seva ya majaribio bila kumuuliza mtu. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Akafika hatua ya tatu, akasimama. "Samahani, bosi," akasema, "hii hatua ya tatu siyo kweli. Ukifuata hivi, taa haiwaki." Chumba kizima kikakaa kimya. Yule fundi hodari akasogea, akasoma, akacheka kwa furaha: hatua ile alikuwa anaifanya kwa mazoea, hakuwahi kujua kwamba anaifanya. Akachukua kalamu akasahihisha mwenyewe. Siku ile nilijifunza kwamba mwalimu mzuri wa ofisi anaweza kuwa mdogo kuliko wote, mradi tu aruhusiwe kusema.

Na hapo ndipo penye ugumu wa ofisi zetu. Kitu kikiharibika, swali la kwanza ni "Nani kafanya?" Mtu anayejua kwamba ataulizwa hivyo ataficha hitilafu ndogo mpaka ikomae. Mimi nilijilazimisha kuanza na "Nini kimetokea?", na la pili, "Tufanye nini kisirudi?" Mwenye uzembe wa makusudi hakosi kujulikana baadaye. Lakini ukianza na kutafuta wa kumlaumu, utampata wa kumlaumu na tatizo litabaki palepale.

Sengerema hatupaswi kuwa wageni wa somo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati intaneti nchini ikitegemea setilaiti na ikiwa ghali kweli, kabla mkongo wa SEACOM haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, mji wetu ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza nchini kupata kituo cha mawasiliano cha jamii, kwa kazi ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na washirika wake. Watu wa huku walijifunza kompyuta pale bila kuvuka maji. Baadaye ikaja redio ya jamii, na mkulima asiyegusa kompyuta maisha yake akapata habari kwa sikio. Kompyuta za miaka ile zimeshachoka na kutupwa. Ujuzi waliobeba waliojifunza haukutupwa nazo. Vifaa vinaletwa mara moja, vinazinduliwa, vinapigwa picha. Kufundisha watu ni kazi ya kila wiki, haina utepe wa kukata, na ndiyo maana wakubwa wengi huiruka.

Wazee wa Kisukuma walikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji katika kazi za pamoja. Kazi ile ilikuwa ya kundi. Shamba halikungoja kijana mmoja mwenye nguvu arudi kutoka safari. Sisi wa ofisi za leo tumeipindua hekima hiyo: tunamchukua fundi bora, tunampandisha cheo kuwa mkuu wa kitengo, halafu tunaendelea kumtaka ashike bisibisi. Tunapoteza fundi na hatupati kiongozi. Kazi yake mpya ni kuwafanya wengine waweze, na inabidi apimwe kwa hiyo.

Leo jambo hili lina uzito kuliko zamani zangu. Tangu mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, uanze mwaka 2017, mwananchi hawezi kulipia huduma nyingi bila namba inayotolewa na kompyuta. Mfumo ukisimama, hata mwenye fedha mkononi anarudi nazo nyumbani. Mama wa Nyehunge alikuja na nauli ya kwenda na kurudi. Neno "kesho" lilimgharimu nauli ya pili na siku nzima ya shamba, na hakuna kitabu cha hesabu cha ofisi kinachoandika hasara hiyo.

Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita tatu juu ya maji, na mstari wa malori wa usiku ule wa 2011 ukawa historia. Nimelivuka mara nyingi na kila mara nashukuru. Lakini kama ningekuwa nalo wakati ule, ningefika tu mapema zaidi kumsumbua mfiwa. Foleni ya kivuko imeondoka, foleni ya dirishani bado ipo, na hii haihitaji mkandarasi.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa idara, hospitali, shule na kampuni za pande hizi jambo moja dogo. Jumatatu hii, mwiteni fundi wenu mnayemtegemea kuliko wote. Mpeni likizo ya wiki nzima, na simu yake azime. Mtakachoshindwa kukifanya wiki hiyo, kiandikeni. Akirudi, kaeni naye awafundishe, naye apewe shukrani na cheti chake. Gharama yake ni kauntabuku moja. Mama yule akirudi dirishani, awepo angalau mtu wa pili anayeweza kumjibu ni saa ngapi.