Na ANR, nani anaichunga?

Bana Kabongo, na nyinyi wa Kamina na Lubumbashi munaotusoma,

Huku kwetu mtu akitaka kutaja ANR, anapunguza sauti kwanza. Hata kama meza ya pembeni iko tupu. Leo tuongee kwa sauti ya kawaida, juu ya mtu wa Afrika ya Kusini: Setlhomamaru Dintwe.

Alikuwa profesa wa universite. Machi 2017 wakamupa kazi ambayo Kongo haina: inspekta mkuu wa upelelezi. Si kupeleleza raia, hapana. Anapeleleza wapelelezi. Raia akionewa na watu wa usalama, analalamika kwake. Kazi hiyo iko mu Katiba yao, na Rais hawezi kumuweka mtu wake tu: theluthi mbili za Bunge zinapaswa kumukubali kwanza. Mbele ya Dintwe kiti kilikaa tupu karibu miaka 2. Hata kule wakubwa hawakuwa na haraka.

Sasa sikilizeni. 2018, Dintwe anamuchunguza Arthur Fraser, mkubwa wa upelelezi mwenyewe. Fraser anamuondolea kibali cha kusoma siri za serikali. Bila kibali kile hawezi kufungua hata dosie moja. Yaani anayechungwa ndiye alishika funguo za anayemuchunga!

Dintwe hakunyamaza. Alipeleka mambo ku tribinali, Pretoria. Mu Aprili Rais Ramaphosa akamutoa Fraser pale, akamupeleka kuongoza magereza (azabu gani hiyo?), na Dintwe akapata kibali chake tena. 2021 alisimama mbele ya tume ya jaji Zondo, akaeleza kwa kiapo yale aliyoyaona. 2022 muda wake ukaisha, akaenda.

Wengine watasema: basi kazi ile haina nguvu. Lakini yeye alikuwa na mlango wa kugonga. Kwetu, dekre ya 11 Januari 2003 inaweka ANR chini ya Rais. Parke ikitaka kumufuata afisa wa ANR, inaomba kwanza maoni ya mkubwa wake. CNDH iko, ni kweli, lakini inabeba haki za binadamu zote za nchi hii kubwa.

Katiba, ibara ya 18, inasema saa 48. Fred Bauma na Yves Makwambala walikamatwa Kinshasa Machi 2015, wakamaliza wiki na wiki mikononi mwa ANR, kisha gereza la Makala mpaka Agosti 2016. Wao, dunia ilijua majina yao. Kijana wa Kabongo akikamatwa usiku, mama yake atagonga wapi?

Wadepite wa Haut-Lomami, mukirudi likizo tutawangojea. Mutuonyeshe karatasi ya pendekezo la sheria: inspekta mwenye kuchaguliwa na Bunge, kibali chake kisishikwe na yule anayemuchunguza, na aingie kasho yoyote, saa yoyote, bila kupiga simu kwanza.