Mzazi, kabla hujanunua pit bull kulinda nyumba

Wizi ukizidi mtaani, iwe Chumbageni, Nguvumali au Makorora, wazo la mbwa huja haraka. Siku hizi anayetafutwa si mbwa yeyote. Picha za pit bull zinazunguka kwenye simu, kifua kipana na taya nene, na wauzaji husifu kwamba hata polisi wa nchi za nje wanamtumia. Baba anavutiwa. Mama anauliza swali moja: na watoto je?

Swali hilo lijibiwe kabla pesa haijatoka.

Wauzaji hawasemi uongo mtupu. Wapo pit bull waliofanya kazi kubwa. Huko Marekani, miaka ya 1990, polisi wa Buffalo walimkuta mtoto wa pit bull ametupwa ndani ya friza, nusura afe. Wakamwita Popsicle. Alifundishwa kunusa dawa za kulevya, akapelekwa kwa maofisa wa forodha huko Texas, na mwaka 1998 aliwaonyesha zaidi ya tani moja ya kokeini iliyofichwa kwenye lori la mananasi. Baadaye polisi wa miji kadhaa ya huko walichukua pit bull waliookotwa na kuwafundisha kazi hiyo hiyo.

Lakini angalia ni kazi gani. Popsicle hakung'ata mtu. Alinusa.

Hachaguliwi kwa meno

Mbwa wa kunusa huchaguliwa kwa hamu yake ya kucheza. Mwalimu anatafuta mbwa ambaye mpira ukifichwa hatulii mpaka aupate. Mbwa huyo huzoeshwa kuhusisha harufu fulani na mpira wake. Akiipata harufu, anakaa chini au anaganda, kisha anapewa mpira. Kwake ni mchezo. Mbwa anayerukia watu hafai, kwa sababu atakuwa bandarini na kwenye viwanja vya ndege, katikati ya abiria na watoto.

Mfano wa karibu uko Usa River, nje kidogo ya Arusha. Shirika la African Wildlife Foundation limewafundisha huko mbwa kunusa meno ya tembo, pembe za faru na magamba ya kakakuona, kwa ajili ya kazi kwenye bandari na viwanja vya ndege, zikiwemo bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Kila mbwa hufundishwa pamoja na askari atakayemwongoza, kwa sababu mbwa bila mtu anayemwelewa hana kazi.

Na pua haihitaji hata taya. Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku. Mmoja wao, Magawa, alinusa mabomu ya ardhini na vilipuzi zaidi ya 100 huko Kambodia, na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Panya!

Nyumbani ni habari nyingine

Mbwa anayenunuliwa mtaani hana mwalimu wala mpira. Ana mnyororo, kivuli kidogo na joto la Tanga. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa hajifunzi kulinda. Anajifunza kuogopa na kukasirika, na siku mnyororo ukikatika, wa kwanza kukutana naye si mwizi wa saa nane usiku. Ni mtoto wa jirani anayetoka madrasa jioni.

Tena, hata kwa ulinzi sifa zake zimepitiliza. United Kennel Club ya Marekani, chama kilichowatambua pit bull tangu mwaka 1898, chenyewe kinasema si chaguo zuri la mbwa mlinzi, kwa kuwa ni rafiki mno hata kwa wageni. Ugomvi wake mkubwa ni na mbwa wenzake. Hata hivyo, akikosea mara moja, nguvu za taya zake hufanya kosa hilo kuwa kubwa. Uingereza ilipiga marufuku kufuga pit bull mwaka 1991.

Pwani kuna jambo la ziada. Waislamu wengi hapa hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba anaruhusiwa, ila makazi yake ni nje. Kwa hiyo watoto wengi hukua bila kuzoea mbwa. Wakimwona hukimbia au humrushia jiwe, na vyote viwili humchochea mbwa. Mfundishe mtoto asimame wima, mikono chini, asimkazie macho, kisha aondoke taratibu. Asimguse mbwa anayekula, aliyelala au mwenye watoto.

Anayetaka kuona mbwa wa kazi asiende mbali. Mashambani Muheza na Pangani, mbwa wa kienyeji wanafukuza nguruwe pori na nyani kwenye mahindi. Joto wamelizoea, kupe wamewazoea, na kazi yao wanaijua. Kwa uani wa kawaida, mbwa wa namna hiyo anayebweka kwa wakati, pamoja na taa na geti imara, anatosha.

Hatari isiyoonekana

Pit bull au mbwa koko, kichaa cha mbwa hakichagui. Shirika la Afya Duniani linasema karibu wagonjwa wote wa kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu hakika hufa.

Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake tumbaku, majivu wala mafuta. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, na hakikisha anamaliza dozi zote za chanjo. Mwambie mtoto mapema kwamba hatapigwa akisema ameumwa. Wengine huficha kwa sababu walikuwa wakimchokoza mbwa, na siku zinapita.

Kama bado unamtaka mbwa, nenda kwanza kwa ofisa mifugo wa kata. Muulize chanjo inatolewa lini na wapi. Kisha mwombe muuzaji kadi ya chanjo na akuonyeshe mama wa mbwa huyo, umtazame anavyopokea wageni. Asiye na kadi, asiyetaka uone mama, muache na mbwa wake.