Mlingoti wa Shaba Nyeupe: Somo la Fizikia katika Maingilio ya Ruvuma

Kijiji cha Kilambo, katika Mkoa wa Mtwara, kiko kando ya mto Ruvuma, mahali ambapo mto huo unakaribia kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Ng'ambo yake ni Msumbiji. Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, liko Mtambaswala, mbali sana upande wa magharibi. Huku chini ya mto watu na mizigo yao huvushwa kwa vyombo vya majini. Kuanzia hapo hadi Msimbati na Mikindani, mwanafunzi huona mitumbwi, ngalawa, madau na mashua tangu utoto wake. Hata hivyo, afunguapo kitabu cha fizikia ili ajifunze kanuni ya kuelea, mara nyingi hukuta humo picha ya meli ya chuma ambayo hajapata kuiona.

Hoja inayotolewa hapa ni kwamba shule za sekondari za pwani zingefaa kufundisha sehemu ya fizikia kwa kujenga mifano midogo ya vyombo vya kwao, iliyopimwa kwa usahihi, na kwamba kazi hiyo ianzie kwenye mlingoti. Mlingoti ndio sehemu inayomfichua fundi asiye makini. Mwili wa chombo ukikosewa kidogo, jicho husamehe. Mlingoti ulionenepa kupita kiasi au uliopinda huonekana na kila apitaye.

Na ichukuliwe mashua yenye urefu wa mita 10, ambayo mlingoti wake una urefu wa mita 8, unene wa sentimita 16 chini na sentimita 10 juu. Mfano wake ukijengwa kwa skeli ya 1:50, mlingoti utakuwa na urefu wa milimita 160, unene wa milimita 3.2 chini na milimita 2 juu. Mwanafunzi atakayechonga kijiti cha ukubwa huo kwa kisu ataona kwamba kinavunjika akitoboa tundu la gofia, au akikaza uzi uliowekwa badala ya henza. Hapo swali la kisayansi huzuka lenyewe: kwa nini mti ubebao tanga zima katika upepo wa kusi, ukisha kufanywa mdogo, ushindwe na uzi wa kushonea?

Swali hilo lina historia ndefu. Mwaka 1638 Galileo Galilei alichapisha kitabu chake juu ya sayansi mbili mpya, na mazungumzo ya kitabu hicho yanaanzia katika kiwanda cha meli cha Venice, ambako mafundi walijua kwamba chombo kikubwa si chombo kidogo kilichokuzwa tu. Vipimo vyote vikizidishwa mara 50, eneo la mkato huzidi mara 2,500, bali uzito huzidi mara 125,000. Kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya mlingoti mkubwa hubeba mara 50 ya mzigo unaobebwa na ule mdogo kutokana na uzito wake wenyewe. Kwa kanuni hii kijiti cha mwanafunzi kingepaswa kuwa imara kuliko mlingoti wa kweli, na kwa kadiri ya uzito wake ni imara hasa. Lakini mkono wa mwanafunzi haukupunguzwa mara 50, wala nguvu ya vidole vyake. Tena nyuzi za mti nazo hazikupunguzwa: fundo ambalo ni doa tu katika mlingoti wa sentimita 16 hukikata kijiti cha milimita 2 kutoka upande hadi upande.

Ndiyo sababu wajenzi wengi wa meli za mfano hutumia shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Madini hayo hayana nyuzi wala mafundo. Ugumu wake dhidi ya kupinda ni kama mara 10 ya ule wa mti, hukubali tupa na lehemu, wala hayashiki kutu kama chuma katika hewa ya chumvi ya Mtwara. Si lazima kuyaagiza mbali. Mafundi wa kuchomelea kwa gesi hutumia fito za shaba nyeupe, na mojawapo ya unene wake wa kawaida ni milimita 3.2, kipimo kile kile cha shina la mlingoti wetu wa mfano. Ufito mmoja hutoa milingoti kadhaa.

Kazi yenyewe yahitaji subira kuliko vifaa. Ufito hukatwa kwa urefu, hufungwa katika keekee ya mashine iliyobanwa kwenye jiliwa, nao huzungushwa polepole huku tupa laini, kisha msasa, ikiupunguza kuelekea juu. Macho yakingwe kwa miwani. Kila baada ya milimita 20 kalipa itumiwe, na kipimo kiandikwe daftarini kabla ya kuendelea. Tundu la gofia hutobolewa mwishoni, na vipete vidogo huunganishwa kwa lehemu ya bati isiyo na risasi, kwa kuwa risasi ni sumu. Lehemu hiyo huyeyuka kwenye nyuzi joto karibu 230 za Sentigredi. Joto hilo halitoshi kuilainisha shaba nyeupe. Lakini ufito ukipashwa moto hadi uwe mwekundu, utalegea na kupinda kwa kuguswa tu. Mwalimu wa kemia aweza kulichukua somo kutoka hapo.

Mlingoti ukisha kukamilika, ni lazima mwanafunzi aonyeshwe kwamba kazi yake nzuri inasema uongo. Mlingoti huo wa shaba una ujazo wa karibu sentimita za ujazo 0.86. Densiti ya shaba nyeupe ni karibu gramu 8.5 kwa sentimita ya ujazo, hivyo una tungamo la gramu 7 na zaidi. Mashua ya kweli yenye tani 6, ikipunguzwa kwa skeli hiyo, yapaswa kuwa na gramu 48 tu. Mlingoti wa shaba basi ni kama asilimia 15 ya chombo chote. Katika mashua ya kweli, mlingoti wa mti wenye densiti ya 0.8 una kilo 86 hivi, nazo hazifiki asilimia 2. Mfano wenye mlingoti wa shaba ukitiwa majini, kitovu chake cha uzito kitakuwa kimepanda juu mno, nao huenda ukapinduka kabla upepo haujaugusa.

Kwa hiyo shule ijenge mifano miwili: mmoja wa kutazamwa, wenye mlingoti wa shaba, na mmoja wa kuelea, wenye mlingoti wa mti mwepesi, hata kama utavunjika mara tatu. Mfano wa kwanza husema kweli kuhusu umbo na kudanganya kuhusu uzito. Wa pili hufanya kinyume chake. Mwanafunzi aliyeiona tofauti hiyo kwa mikono yake amejifunza jambo ambalo William Froude wa Uingereza alilitumia katika bwawa lake la majaribio huko Torquay, lililoanza kazi mwaka 1872: kwamba mfano hautoi jibu la kweli mpaka ijulikane ni kipi kinachopunguzwa na kwa kiasi gani. Hata mwendo una kanuni yake, kwani hupunguzwa kwa kipeuo cha pili cha skeli. Katika skeli ya 1:50, mawimbi ya mashua iendayo noti 7 hulinganishwa na ya mfano uendao karibu noti 1.

Iko sababu nyingine ya kutoichelewesha kazi hii. Mtepe, chombo cha pwani kilichoshonwa kwa kamba na kuvuta tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Leo hujulikana kwa maandishi, picha chache, na mifano midogo kama ule uliomo katika makumbusho ya Lamu. Ikiwa aliyejenga mfano wa namna hiyo aliufupisha mlingoti ili uenee kwenye kabati, kosa lake limekuwa urithi wa wote wanaomtegemea. Mashua na madau ya Mtwara bado yapo, na mafundi wake wangali hai. Lakini mikoko inalindwa kisheria, na tangu mwaka 2000 eneo hili lina Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ulinzi huo ni wa haki. Pamoja na hayo mbao nzuri zimekuwa adimu, na baadhi ya mafundi wa pwani wamekwisha kugeukia faiba. Fundi wa zamani hujenga bila mchoro. Vipimo vyake vimo katika jicho lake na katika shubiri zake, navyo vitazikwa pamoja naye visipoandikwa.

Walimu wengine watapinga kwamba mtihani wa taifa hauulizi habari za milingoti. Ni kweli. Lakini huuliza densiti, uwiano, usawa wa nguvu, kanuni ya Archimedes na michanganyiko ya madini, na yote hayo yamo katika ufito mmoja wa milimita 160. Wengine watasema kwamba karakana hazina vifaa. Tupa, kalipa, keekee na pasi ya kulehemu si maabara kubwa, na shule isiyo navyo yaweza kuafikiana na fundi wa mjini kwa siku moja ya Jumamosi.

Yafaa basi kila shule ya sekondari ya pwani ichague chombo kimoja kwa mwaka, kwa ridhaa ya mwenyewe, na kukipima kikiwa kimepwelewa: mkuku, mataruma, foromali, na pembe ambayo mlingoti huinamia omo. Daftari la vipimo lihifadhiwe maktabani pamoja na mifano yake miwili. Na kabla mwalimu hajatoa alama, fundi aliyekijenga chombo chenyewe aalikwe darasani aushike mfano, autazame mlingoti wake, na aseme mbele ya wanafunzi ni wapi wamekosea.