Mtoto, gitaa na usingizi wa baba

Saa nne asubuhi, ndani ya nyumba ya kupanga ya vyumba viwili jijini Dar es Salaam, baba amelala. Ni mlinzi, amerudi alfajiri kutoka zamu ya usiku. Mtoto wake wa miaka 11 yuko likizo, amekaa sebuleni na gitaa alilopewa na mjomba, anapiga kana kwamba anataka mtaa mzima usikie. Kwa mara ya tatu wiki hiyo baba anatoka chumbani, macho mekundu, na kutangaza kuwa gitaa litauzwa Jumamosi.

Mama ndiye aliyegundua jambo jingine. Alipomshika mtoto mkono ili amnyamazishe, aliona ncha za vidole vya kushoto zimeiva, zina mistari iliyochimbwa na nyuzi.

"Vinauma mpaka usiku, mama," mtoto alisema. Hakuwa amemwambia mtu. Aliogopa kuwa ingekuwa sababu nyingine ya kuliuza.

Kelele zile na maumivu yale vilikuwa na chanzo kimoja. Watoto wengi wanaoanza gitaa huamini kuwa sauti kubwa hutokana na kubonyeza sana. Sivyo. Kwa anayetumia mkono wa kulia, kazi ya mkono wa kushoto ni kuufupisha uzi tu, kwa kuugusisha kwenye vyuma vidogo vinavyokatiza shingo ya gitaa. Uzi ukishagusa chuma sawasawa, nguvu ya ziada haiongezi sauti. Inachofanya ni kuuvuta uzi ukapandisha noti kidogo, na gitaa lililotuniwa vizuri likasikika kama lina kasoro.

Ukubwa wa sauti unaamuliwa na mkono wa kulia: kidole kimeusogeza uzi umbali gani kabla ya kuuachia. Ukisogezwa kidogo hutikisika kidogo, ukisogezwa sana hutikisika sana. Tatizo ni kwamba mikono miwili hupenda kuigana. Wa kulia ukiongeza nguvu, wa kushoto nao hukaza, na mwenyewe hana habari.

Lipo zoezi la dakika chache ambalo hata mzazi asiyejua gitaa anaweza kulisimamia. Mtoto aweke kidole juu ya uzi bila kubonyeza, kisha apige. Utatoka mlio mfu. Aendelee kupiga huku akiongeza mgandamizo kidogo kidogo, mpaka noti itoke safi. Aishie hapo. Wengi hushangaa kuona walikuwa wakitumia nguvu nyingi kuliko inayohitajika, hasa kidole kinapokaa karibu kabisa na chuma badala ya katikati ya nafasi. Ncha za vidole ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye hisia kali zaidi za mguso, hivyo mtoto hujifunza kipimo hicho haraka akipewa nafasi ya kukisikiliza kwa ngozi yake.

Mama yule aliligeuza kuwa mchezo: piga, baba asiamke. Noti moja, ngazi tano, kuanzia mnong'ono hadi sauti ya kawaida, halafu kurudi chini. Wiki ya kwanza mtoto alishindwa ngazi ya kwanza kabisa. Ama uzi haukulia, ama ulilia kwa kishindo. Kupiga polepole kwa sauti ndogo ni kugumu kuliko kupiga kwa nguvu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani hawana kipaji.

Alipozoea, akagundua mengine mwenyewe. Akipiga karibu na mahali nyuzi zilipofungwa, sauti ni kali na kavu. Akisogea kuelekea shingoni, inakuwa ya mviringo na laini. Kucha hutoa sauti angavu, nyama ya kidole hutoa sauti ya upole.

Mfano mzuri wa kusikiliza na mtoto kwenye simu ni Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Gumba linashikilia besi, kidole cha shahada kinaimba juu yake, na havigombani. Ni gitaa moja, bila spika.

Kuhusu maumivu, wekundu wa ncha za vidole kwa anayeanza ni wa kawaida, na hupungua ngozi inapoota sugu baada ya wiki kadhaa. Dakika 10 au 15 kila siku zinatosha, kuliko saa mbili za Jumapili. Ganzi isiyoisha, maumivu ya kifundo cha mkono au ngozi iliyopasuka si sehemu ya mazoezi. Hapo mtoto apumzike, na hali ikiendelea aonwe na daktari.

Mzazi aangalie pia gitaa lenyewe. Nyuzi zilizoinuka mno juu ya shingo humtesa hata mtu mzima, na fundi anaweza kuzishusha. Nyuzi za nailoni ni rahisi kwa vidole vichanga, lakini gitaa lililoundwa kwa nailoni lisifungwe za chuma, kwani mvuto wake ni mkubwa na unaweza kuliharibu. Mtoto mdogo anahitaji gitaa dogo pia. La mtu mzima humlazimisha kukunja mkono vibaya.

Jumamosi ile ilipita, na nyingine ikapita. Siku moja baba aliamka saa saba mchana, akatoka akijinyoosha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo hujapiga?"

"Nimepiga. Nyimbo mbili."

Baba akavuta kiti. "Hebu rudia hiyo ya pili. Ongeza kidogo, niko macho."