Mwongozo Usio na Tarehe

Usiku mmoja, katika wodi ya watoto, daktari aliyekuwa katika mafunzo kwa vitendo aliniita mbele ya karatasi mbili zilizobandikwa ukutani. Zote zilihusu malaria kali. Moja ilielekeza kuanza na kwinini, nyingine artesuneti. Hakuna iliyokuwa na tarehe. "Daktari, nifuate ipi?" aliuliza. Nilimjibu, kwa kuwa tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza artesuneti kwa watoto wenye malaria kali. Lakini mimi nisingekuwapo kila usiku.

Swali lake limekwisha kupatiwa jibu zuri na watu wasiotibu mgonjwa yeyote, yaani wahandisi wa intaneti. Jumuiya yao ya IETF hutenganisha hati zake kwa hadhi: za viwango, za majaribio, za taarifa tu, na zilizobaki kuwa historia. Tangu mwaka 1995 lipo pia kundi la BCP, yaani utaratibu ulio bora kwa sasa. Jina lenyewe linakiri kwamba kesho huenda ukapatikana ulio bora zaidi.

Hati ya BCP haipandi ngazi za ukomavu kama hati ya kiwango. Huidhinishwa mara moja. Kwa hiyo, kabla ya uamuzi, rasimu hutangazwa ili yeyote mwenye pingamizi aseme: angalau wiki 2 ikitoka katika kikundi kazi, na angalau wiki 4 ikiwa haikupitia huko. Ikishachapishwa, maandishi yake hayaguswi tena. Maarifa mapya huzaa hati mpya, na ile ya zamani huwekewa alama inayotaja iliyoifuta. Namba ya BCP hubaki na mada yake: BCP 26 imebeba hati 3 kwa kupokezana, za mwaka 1998, 2008 na 2017, na anayeitafuta leo huelekezwa kwenye ya mwisho.

Hata maneno yamepimwa. BCP 14, iliyoanza na hati ya mwaka 1997, hutofautisha "lazima", "yapasa" na "yaweza". Lenye "yapasa" linaweza kuachwa kwa sababu ya haki, ila baada ya kuelewa na kupima matokeo yake.

Atakayesema kwamba mwili wa mtoto si mtambo amesema kweli. Nasi pia tunayo mapendekezo yenye nguvu na yenye masharti. Kasoro ni kwamba tofauti hiyo hupotea njiani, mwongozo mnene unapofupishwa kuwa karatasi ya ukutani. Kwinini bado ina nafasi pale artesuneti inapokosekana. Karatasi ile haikusema hivyo.

Napendekeza, basi, kwamba kila karatasi ya wodini ioneshe tarehe yake, mwongozo ilikotolewa, karatasi inayoifuta, na lipi ni lazima na lipi yapasa. Awepo pia mtu mmoja mwenye dhamana ya kubandua ya zamani siku mpya inapobandikwa. Gharama yake ni kalamu na dakika chache. Gharama ya kutofanya hivyo humwangukia mtoto aliyefikishwa saa nane za usiku, mikononi mwa daktari kijana asiye na wa kumuuliza.