Kinu cha Buyende na Swali la Bomu

Wandegeya imekaa baina ya Makerere, wanakosomeshwa wanafunzi elimu ya atomu, na Mulago, ambako miali yake huwatibu wagonjwa wa saratani. Si ajabu basi swali lizuke hapo, kwenye vibanda vya chapati na mayai: Uganda ikijenga kinu cha umeme wa nyuklia kule Buyende, kama ilivyotangazwa mwaka 2023, haitakuwa imejifungulia njia ya bomu?

Swali hili ni la haki, hasa katika nyumba za askari, ambao ndio watakaoamriwa kulinda kinu hicho.

Uraniamu itokayo ardhini, katika kila sehemu 1,000, ina takriban 7 tu za ile aina ipasukayo upesi. Vinu vingi vya umeme huhitaji sehemu 3 hadi 5 katika kila 100. Bomu huhitaji zipatazo 90. Kuzichambua sehemu hizo kwahitaji maelfu ya mitambo izungukayo kwa kasi ya ajabu, na fedha zisizo na kifani. Kongo ni ushahidi: madini ya Shinkolobwe yalitumika katika bomu la Marekani la mwaka 1945, lakini Kongo yenyewe haikupata bomu hata moja. Afrika ya Kusini ilikuwa na mitambo yake ya namna nyingine ya kuzichambua, ikaunda mabomu 6, kisha ikayavunja; Rais de Klerk aliliungamia Bunge mwezi Machi 1993.

Ipo njia ya pili. Kuni za kinu zikisha kutumika huwa na plutoniamu ndani yake, na kilo 8 huhesabiwa kuwa zatosha bomu moja. Lakini kuitenga kwahitaji kiwanda maalumu, ambacho Uganda haina. Tena Uganda iliingia katika Mkataba wa Kuzuia Uenezaji wa Silaha za Nyuklia mwaka 1982, na tangu 2006 imewapa wakaguzi wa kimataifa ruhusa pana zaidi ya kukagua. Mwenye kutaka bomu angelazimika kwanza kuwafukuza wakaguzi hao, na dunia nzima ingejua siku hiyo hiyo.

Hofu ya bomu, kwa hiyo, ni ya mbali. Iliyo karibu ni nyingine, nayo haizungumzwi vya kutosha.

Mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili waliingia katika zahanati iliyohamwa, wakachukua chombo cha kutibia saratani, wakakiuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu, unaong'aa buluu gizani. Watu waliustaajabia, wakagawiana, wakajipaka mwilini. Wanne walifariki, mmoja wao mtoto wa miaka 6. Watu 249 walionekana wamepatwa na unga huo.

Kampala nako vyuma chakavu huokotwa kila siku, aghalabu na watoto. Alama ya kuwafundisha ni pembetatu ya manjano yenye mapanga matatu meusi yaliyozunguka kitone. Chombo chenye alama hiyo, au kizito kuliko ukubwa wake, kisiguswe wala kisifunguliwe. Watu waondolewe karibu yake, na kituo cha polisi kiarifiwe; askari atakayefika naye asikibebe, bali azuie njia mpaka wataalamu wa Baraza la Nishati ya Atomiki wawasili na vipimo vyao.